UPEPO NI WA BURE, UMEME WAKE UNA HESABU

Mada ya Kamati ya Fedha katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam

     

 

Katika mkutano mkuu uliopita ilitolewa hoja ambayo ilipigiwa makofi kuliko hoja nyingine zote za siku ile. Mwanachama mmoja alisimama akasema: Singida ni nyumbani kwa upepo. Upepo wetu unaezua mapaa, unalaza alizeti, unajaza vumbi machoni kuanzia Juni hadi mvua za kwanza. Iweje tuwe tunachangishana kila mwaka kununua dizeli ya kusukuma maji ya kisima, wakati nguvu ya bure inapita juu ya vichwa vyetu? Tununue mtambo wa upepo.

Mkutano ulitupa sisi wa Kamati ya Fedha kazi ya kufanya hesabu na kuleta majibu. Leo tumeleta. Tutaomba uvumilivu wenu kidogo, maana wahasibu hatujui kusimulia bila tarakimu. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha tunazozungumzia ni za kwenu.

Tunayo maswali matatu. Kwanza, umeme wa upepo unatofautianaje kifedha na umeme tuliouzoea wa dizeli, gesi na maji? Pili, kwa nini mitambo mikubwa ya upepo haijasimama kwetu hadi leo? Tatu, michango ya mwaka huu iende wapi?

Bei ya kununua na bei ya kumiliki

Tuanze na kitu tunachokijua sote, jenereta la kisimani. Lilinunuliwa kwa shilingi milioni 8. Siku ile tulifurahi kwa sababu bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Sasa tazameni daftari. Jenereta hilo linakula lita 6 za dizeli kwa siku. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 18,000 kwa siku. Likifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni shilingi milioni 5 na laki 4. Kwa miaka kumi, milioni 54, na hapo hatujahesabu oili, filta, fundi na nauli ya fundi. Kumbe bei ya kununua ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote. Jenereta ni rahisi kulinunua na ni ghali kulilisha.

Tena si hilo tu. Mwaka 2022 bei ya dizeli ilipanda ikapita shilingi 3,000 kwa lita, kwa sababu ya mambo yaliyotokea mbali kabisa na sisi. Fedha za maji zilizokuwa zikikusanywa kwa ndoo hazikutosha tena kununua mafuta. Pampu ilisimama, na mama zetu wakarudi lamboni kuchota maji wanayoshiriki na ng'ombe. Hakuna aliyekosea hesabu pale kijijini. Anayetegemea mafuta ameweka maji yake mikononi mwa soko asilolijua.

Kwa wale wanaopenda kipimo cha uniti kama tunavyonunua LUKU: jenereta dogo hutoa uniti kama 3 kwa lita moja ya dizeli. Yaani uniti moja ni shilingi 1,000 za mafuta peke yake. Linganisheni na bei za TANESCO zilizopangwa na EWURA mwaka 2016: shilingi 292 kwa uniti kwa mtumiaji wa kawaida wa biashara ndogo na taasisi, na shilingi 100 kwa mwenye nyumba anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Popote ilipofika nguzo ya TANESCO, dizeli haina hoja.

Sasa umeme wa TANESCO nao unatoka wapi? Kuna gesi ya Songo Songo na Mtwara inayochomwa Dar es Salaam, Ubungo na Kinyerezi. Kuna maji: Mtera, Kidatu, Kihansi, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kwa jicho la mhasibu, vyanzo hivi vyote vinaweza kupangwa kwenye mstari mmoja. Mwanzo wa mstari ni dizeli: fedha kidogo siku ya kwanza, fedha nyingi kila siku. Katikati ni gesi: mtambo una gharama ya kutosha, na gesi nayo inalipiwa. Mwisho wa mstari ni maji na upepo: karibu fedha zote zinatoka kabla uniti ya kwanza haijauzwa, kisha mafuta ni sifuri kwa miaka 20 na zaidi.

Kwa hiyo upepo ni ndugu wa bwawa. Anayesema umeme wa upepo ni wa bure anasema kweli kuhusu upepo. Mnara, mapanga, msingi wa zege, barabara ya kupitishia mapanga hayo na laini ya kusafirisha umeme, vyote vinalipiwa mapema.

Riba ndiyo mafuta ya upepo

Hapa ndipo tunaomba tusikilizwe kwa makini zaidi, kwa sababu ndipo penye jibu la swali la pili.

Tuchukulie mfano wa kufanyia hesabu tu. Mtambo mmoja wa upepo wa megawati 1, umejengwa mpaka mwisho kwa shilingi bilioni 4. Mtambo huo hauzungushi kwa nguvu zote mchana na usiku. Tuseme kwa mwaka mzima unatoa asilimia 35 ya kile ambacho ungetoa kama upepo usingepumzika. Mwaka una saa 8,760. Utapata uniti milioni 3 na elfu 66 kwa mwaka. Matengenezo, ulinzi na bima tuweke shilingi milioni 100 kwa mwaka, ambayo ni kama shilingi 33 kwa kila uniti.

Sasa fedha za ujenzi zimekopwa, zinarejeshwa kwa miaka 20. Kama riba ni asilimia 5, marejesho ni kama shilingi milioni 321 kwa mwaka, sawa na shilingi 105 kwa uniti. Ukijumlisha matengenezo, uniti inagharimu shilingi 138. Kama riba ni asilimia 15, marejesho yanakuwa kama shilingi milioni 639 kwa mwaka, sawa na shilingi 208 kwa uniti. Ukijumlisha matengenezo, uniti inagharimu shilingi 241.

Upepo ni ule ule, mtambo ni ule ule, mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni riba, na bei ya umeme imepanda kwa zaidi ya shilingi 100. Fanyeni jaribio hilo hilo kwa jenereta la dizeli: riba ikipanda, uniti inaongezeka shilingi chache tu, kwa kuwa deni la jenereta ni dogo. Dizeli ikipanda, ndipo mwenye jenereta anapolia. Mwenye mtambo wa upepo halii dizeli ikipanda. Analia riba ikipanda.

Na riba inapangwa na nini? Na hofu ya mkopeshaji. Benki inayokopesha mradi wa umeme inauliza: nani atanunua huu umeme, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na asipolipa nani atalipa? Majibu yakiwa imara, riba inashuka. Majibu yakiwa ya kuyumba, riba inapanda au mkopo hautoki kabisa. Kwetu mnunuzi mkubwa ni mmoja, TANESCO, na mkataba wa kuuza umeme kwa miaka 20 ni jambo zito la Serikali. Tena mnunuzi huyo ana chaguo: ana gesi ya nyumbani, na sasa ana bwawa kubwa. Miradi ya upepo ya Singida imetajwa kwa zaidi ya miaka kumi, na wataalamu wameitaja Kititimo pamoja na Makambako kuwa miongoni mwa sehemu zenye upepo mzuri kabisa nchini. Upepo haujapungua. Mazungumzo ya bei, dhamana na mikopo ndiyo yanayochukua miaka.

Upepo unapopumzika

Kuna hoja nyingine inayosemwa sana dhidi ya upepo, kwamba hautegemeki. Ni kweli. Mtambo wa gesi ukiuwasha saa moja jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, unawaka. Upepo hauna saa. Kwa hiyo megawati 50 za upepo hazilingani na megawati 50 za gesi, na anayelinganisha bei ya uniti peke yake bila kuuliza uniti hiyo inapatikana saa ngapi, amefanya nusu ya hesabu. Nchi yenye upepo lazima iwe na kitu cha kuziba pengo.

Lakini sisi tunacho. Bwawa ni ghala. Upepo unapovuma, mitambo ya Mtera inaweza kupunguzwa na maji yakabaki bwawani. Upepo unapotulia, maji yanafunguliwa. Na ninyi mliokulia nyumbani mnajua upepo wetu unakuja lini: kiangazi, wakati mito imekauka na mabwawa yanashuka. Tunaikumbuka sote migawo ya umeme ya mwaka 2006 na 2011, mvua zilipokosekana, nchi ikakimbilia mitambo ya kukodi ya mafuta kwa gharama kubwa. Uniti ya upepo inayozalishwa Septemba ni maji yaliyookolewa kwa ajili ya Novemba. Ndiyo thamani yake, na haionekani ukitazama bei ya ujenzi tu.

Mfano mdogo upo Mufindi, mkoani Iringa. Kampuni ya Mwenga ilikuwa na mtambo wa maji wa megawati 4 unaohudumia vijiji na mashamba ya chai. Kiangazi maji yanapungua. Mwaka 2020 ikaongeza mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, ili viwili hivi visaidiane kama ng'ombe wawili wa jembe.

Jirani zetu wamelipa ada ya shule

Aliye na jirani aliyetangulia hana sababu ya kujifunza kwa maumivu yake mwenyewe. Kenya wametangulia.

Loiyangalani, wilaya ya zamani ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana, kuna mitambo 365, jumla megawati 310. Ujenzi uligharimu kiasi cha euro milioni 620, na bei ya kuuza ilipangwa kuwa senti 7.52 za euro kwa uniti. Upepo wa pale ni mkali mno na mitambo inazalisha kwa kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya zinakitamani. Kwa hesabu ya uniti, mradi ule ni mzuri.

Tatizo lilikuwa laini. Kutoka ziwani hadi Suswa ni zaidi ya kilomita 400 za nguzo za chuma. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, laini ikawa haijafika. Mkandarasi wake wa kwanza kutoka Hispania alifilisika katikati ya kazi. Mkataba ulikuwa unasema mitambo ikiwa tayari na laini haipo, mnunuzi analipa hivyo hivyo. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, na wananchi wa Kenya wakajikuta na deni la mabilioni ya shilingi zao kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Kwa lugha yetu: mtaji uliolala haulali bure, unakula riba usiku kucha.

Hapa Singida tuna bahati ambayo wengi hatuitazami hivyo. Laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Dodoma hadi Shinyanga inapita kwetu. Na laini nyingine ya kilovolti 400 inaanzia Singida, inapita Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya, karibu kilomita 500. Kituo chetu cha kupozea umeme ni njia panda ya nchi. Sehemu ile iliyowagharimu Wakenya fedha nyingi kabisa, sisi tayari tunayo mlangoni. Ndiyo maana tunaamini wawekezaji watakuja. Hatujui mwaka, lakini watakuja.

Na hapa kuna somo la pili kutoka kwa jirani, nalo linatuhusu zaidi kuliko la kwanza. Mradi wa Turkana ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya jamii ya wafugaji. Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikutolewa kwa kufuata taratibu. Mitambo ilikuwa imeshasimama na umeme unauzwa, huku wenye ardhi wakiwa mahakamani. Kule Kinangop, mradi mwingine wa megawati 60 ulikufa kabisa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga. Hofu juu ya ardhi na fidia ilikuwa kubwa kuliko imani yao kwa mradi. Pale walipoteza wote wawili: mwekezaji alipoteza mtaji, na kijiji kikapoteza mapato.

Majibu ya hoja ya mwanachama

Sasa tunarudi kisimani. Je, Umoja wetu ununue mtambo mdogo wa upepo? Tumeomba bei kwa wauzaji, tumewauliza mafundi, tumepiga hesabu. Jibu letu ni hapana, na sababu ni tatu.

Ya kwanza ni kimo. Nguvu iliyomo kwenye upepo haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu mara nane ya upepo wa mita 4. Upepo mkali uko juu, mbali na miti, nyumba na mawe makubwa ya kwetu. Mitambo mikubwa ya kisasa inasimama kwenye minara ya mita 80, 100 na zaidi. Wetu ungesimama kwenye nguzo ya mita 12. Tungekuwa tumenunua mtambo wa upepo na kuuweka mahali ambapo upepo wenyewe haupo.

Ya pili ni ukubwa. Kwa kila kilowati, mtambo mdogo ni ghali mara kadhaa kuliko mkubwa. Upepo ni biashara inayozawadia ukubwa. Ndiyo maana kampuni haziwezi kuacha kurefusha mapanga. Bei nzuri zinazosomwa magazetini ni za mashamba ya mitambo mikubwa. Hazihusu nguzo moja ya shuleni.

Ya tatu ni vipuri. Wazee wetu wanakumbuka vinu vya bati vilivyokuwa vikisukuma maji kwenye malambo na misheni za kanda ya kati. Vingi vilisimama kwa sababu ya kifaa kimoja kilichoharibika kikakosa mbadala. Kitu kinachozunguka mchana na usiku, juu ya nguzo, kwenye vumbi letu, kitahitaji fundi. Fundi wa sola yupo Singida mjini, yupo Itigi, yupo Kiomboi. Fundi wa mtambo mdogo wa upepo tungemfuata mbali.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na haya ndiyo yatakayobebwa na michango ya leo.

Moja: pampu ya sola na tangi kubwa la maji kisimani, shilingi milioni 26. Sola haihitaji betri pale. Jua likiwaka inasukuma, na tangi ndilo linalotunza. Mwanzoni tunatoa fedha nyingi, kama ilivyo kwa upepo na bwawa, lakini tunaachana na shilingi milioni 5 na laki 4 za dizeli kila mwaka. Hata tukitenga milioni 1 kwa mwaka kwa matengenezo, fedha zinarudi ndani ya miaka 6. Na kwa kuwa sisi hatukopi, tunachanga, riba yetu ni sifuri. Mmeona riba inavyofanya kazi. Basi mchango unaotolewa leo taslimu una thamani kubwa kuliko ahadi ya miaka miwili ijayo.

Mbili: kutandaza nyaya na kuunganisha mabweni ya sekondari na zahanati kwenye umeme wa TANESCO, shilingi milioni 13. Nguzo za REA zimefika kijijini. Umeme wa gridi ndio umeme wa bei nafuu kuliko wowote tunaoweza kujizalishia. Mkunga asishike tochi mdomoni wakati nguzo iko mita 200 kutoka dirishani.

Tatu: mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji na hatimiliki za kimila, shilingi milioni 15. Tunajua wengine watashangaa kwa nini wahasibu wanaomba fedha za kupima mashamba. Sababu ni hayo tuliyoyasema juu ya Turkana na Kinangop. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inautambua mkutano mkuu wa kijiji na inatambua haki ya kimila ya mwanakijiji. Lakini haki isiyo na mpaka uliopimwa na karatasi iliyosajiliwa ni ngumu kuitetea siku gari la mwekezaji linapoingia. Mnara wa upepo unakalia eneo dogo. Kati ya mnara na mnara alizeti inaweza kulimwa na mbuzi wakachungwa. Kijiji kilichojiandaa kinaweza kujadili malipo ya kila mwaka, barabara, na haki ya kuendelea kulima. Kijiji kisichojiandaa kitasaini kwanza na kuuliza baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anapona kama anajua mipaka ya nyumba yake.

Nne: mfuko wa matengenezo, shilingi milioni 6, utakaokaa benki chini ya saini tatu, mmoja akiwa mjumbe wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji. Fedha za ndoo ambazo zilikuwa zikienda kwenye dizeli zitaingia humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na miradi mingi ya maji haifi kwa kukosa mtaji, inafia pale ambapo hakuna laki 3 za kubadilisha kifaa.

Jumla ni shilingi milioni 60. Kutokana na ada na michango ya mwaka tunayo milioni 18 benki. Tunazotafuta ni milioni 42.

Neno la mwisho

Kwa ndugu yetu aliyetoa ile hoja, tunasema asante kwa dhati. Hoja yake ndiyo iliyotufanya tulitazame daftari la dizeli kwa macho mapya. Upepo wa Singida una thamani kubwa, na siku moja utauzwa kwenye ile laini inayopita juu ya mashamba yetu, pengine mpaka Nairobi. Kazi ya kuujengea mitambo ni ya wenye mabilioni na ya Serikali. Kazi yetu sisi wana wa nyumbani ni kuhakikisha kwamba siku hiyo mama zetu hawachoti maji lamboni, watoto wetu wamesoma chini ya taa, na kila mwenye shamba anayo karatasi yake mkononi.

Kadi za ahadi ziko mezani kwenu, na taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka jana, iliyokaguliwa, iko mwisho wa kitabu hiki. Isomeni, na penye swali tuulizeni leo leo, kabla hatujaagana. Atakayetoa milioni tunamshukuru, na atakayetoa elfu kumi tunamshukuru vile vile. Zote zitaandikwa kwa jina na kupewa risiti.